Vijiji Vinavyoanza na I

Kuna kisa kimoja sijawahi kumsimulia mtu, na mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua wanajua. Wajukuu zangu hunikatiza nikianza tu kufungua mdomo. Hiki watanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mbaya wa kisa hiki ni mimi, na watoto hupenda kusikia kwamba bibi yao naye aliwahi kuwa mbaya.

Ilikuwa mwaka sabini na sita, Iringa mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naitwa Matilda Kihwele, na kazi yangu ilikuwa kuendesha kompyuta. Msicheke. Si hizi mnazobeba begani. Ile ilikuwa kubwa kama meza ya mwalimu mkuu, mbele ina vitufe kama vya taipureta, na ubavuni ina mdomo wa kumezea kadi. Ilikuwa ya ghala la pembejeo la shirika moja ambalo sitalitaja, na ghala lile ndilo lililogawa mbegu ya mahindi na mbolea kwa vijiji vyote vya upande wetu. Jioni niliifunika kwa kitenge, na wenzangu wakaibandika jina la Bibi Harusi. Mkoa mzima, mtu aliyejua kumfunua bibi harusi huyo nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimekaa wiki sita Dar es Salaam kwenye mafunzo, nikarudi natembea kwa kunyanyua kidevu. Kiburi kilinijaa mpaka puani, nasema ukweli.

Kila kijiji kilikuwa na kadi yake moja. Mbele ya kadi mashine ilichapa magunia mangapi ya mbegu yamekwenda na mangapi yamebaki, na nyuma palikuwa na utepe mweusi, ule ule kama wa kaseti, na humo ndimo kumbukumbu zilimokaa. Ukiingiza kadi, mashine inasoma utepe, inajua kijiji kilipofikia, inaendelea. Utepe ukiharibika, mashine haijui kitu. Kadi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, zimepangwa kwa alfabeti kwenye kabati la mbao alilotutengenezea fundi, kwa sababu lile la chuma tuliloahidiwa halikufika.

Mtunza kadi alikuwa mzee Shigela Bujiku. Namwita mzee, kumbe alikuwa na miaka arobaini na kitu tu. Msukuma, ndugu zake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini wakatua Usangu, na yeye ng'ombe wake walipokufa kwa maradhi akapanda Iringa kutafuta kazi. Alianza kwa kubeba magunia. Jioni akawa anakwenda kusoma kwenye madarasa ya watu wazima, na alipojua kusoma meneja akamleta kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanga kadi, kwamba H inatangulia, kisha I, kisha J. Alijifunza polepole, lakini akishajua amejua. Asubuhi aliniamkia kwa Kihehe, "Kamwene, dada Matilda," na mimi nikamjibu "Mwangaluka" ya Kisukuma kwa kumtania, tukacheka.

Alikuwa kibarua kwa miaka mitatu. Barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa itoke Novemba ile, na barua ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Aliyethibitishwa alipewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, na kwa chumba hicho angemleta mkewe kutoka Usangu pamoja na binti yao Mbuke, aanze shule mjini. Habari hiyo niliisikia kila siku iendayo kwa Mungu. Alishapanga hata kitanda kitakaa upande gani. Kila alipokwenda kuwaona aliniletea chupa ya samli, na ilikuwa samli hasa, nyumba nzima ilinukia.

Sasa nije kwenye redio. Nilikuwa na redio kubwa ya betri sita, aliyoniachia Crispin alipohamia Mbeya kufanya kazi relini. Crispin alikuwa mchumba wangu, au mimi ndivyo nilivyoamini. Aliniahidi kwamba atanitumia salamu redioni, nchi nzima isikie jina langu. Basi kila alasiri kipindi cha salamu kilinikuta nimetega sikio. Redio yenyewe antena ilikuwa imevunjika, ilishika stesheni ikilazwa chali tu, tena karibu na dirisha. Na dirishani ndipo palipokuwa na kabati la kadi. Nikailaza pale juu. Ikakaa pale tangu Agosti. Kipindi cha salamu kikiisha, mzee Shigela aliniomba nisiizime, asikilize matangazo ya vifo, maana kwao kaskazini kulikuwa mbali na habari ya msiba ingemfikia kwa njia hiyo tu. Crispin hakunisalimu hata siku moja. Nilisikia majina ya watu wa Tukuyu, wa Njombe, wa Songea, mpaka nikayachukia.

Siku moja mzee Shigela aliniuliza jina langu la ukoo linaandikwaje. Nikamuuliza la nini, au anataka kuniloga. Akacheka, akanyoosha karatasi, nikamwandikia huku nikimsonya kidogo, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Oktoba ikaja barua kutoka makao makuu pamoja na kifurushi. Ndani mlikuwa na programu mpya ya kuendeshea mashine, imetobolewa matundumatundu kwenye mkanda wa karatasi. Barua ilisema programu ya zamani irudishwe kwao. Nikaingiza mkanda mpya, Bibi Harusi akanguruma vizuri, nikajaribu kadi ya Kalenga ikasomwa, nikamwambia meneja mambo safi. Mkanda wa zamani nikaupeleka posta siku hiyo hiyo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, lakini ni kosa la kazi tu, halinisumbui.

Kesho yake kadi zikaanza kukataliwa. Naingiza kadi ya Ifunda, taa nyekundu inawaka, mashine inaitema. Naingiza tena, inaitema. Idodi, hivyo hivyo. Isimani, hivyo hivyo. Nikausoma upya mkanda tangu mwanzo. Nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Nikazima mashine nusu saa ipoe, nikawasha. Kadi arobaini na moja zikakataa katakata, na zote zilikuwa za vijiji vinavyoanza na I. Na kwetu Iringa jamani, vijiji vingi vinaanza na I.

Meneja wetu, Ndugu Filemoni Sanga, alikuwa mtu mwema lakini mvua ilikuwa mlangoni na malori yalikuwa yamepanga foleni uani. Bila kadi hakuna gunia linalotoka. Hakuwa na kawaida ya kuingia chumbani kwangu, sasa akawa anaingia mara kumi kwa siku, macho yake kwenye taa nyekundu tu. Mara ya kumi na moja akaniuliza kama nina hakika nilifundishwa kazi hii Dar es Salaam, au nilikwenda kutembea ufukweni. Aliniuliza mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wiki iliyotangulia mzee Shigela alikuwa amezitoa kadi za I zote kwa ajili ya mgao wa mbolea. Na kadi moja, ya Ifunda, ilikuwa na alama ya mafuta pembeni, ya kidole gumba. Moja kati ya arobaini na moja. Nikaichukua hiyo moja nikamwonyesha meneja, nikasema tatizo si mashine wala programu, tatizo ni kadi kushikwa na mikono yenye samli. Samli ambayo chupa yake ilikuwa nyumbani kwangu, jikoni, nimeila nusu.

Meneja alimsimamisha kazi mzee Shigela mchana huo, mpaka fundi aje. Mzee alitoka. Akanawa mikono pale bombani nje, akaisugua kwa mchanga, akarudi kumwonyesha meneja viganja vyote viwili, pande zote. Meneja akamwambia aende nyumbani. Kuanzia hapo sikuweza kuila ile samli, na kuimwaga pia sikuweza.

Fundi aliletwa kutoka Mbeya, anaitwa Sedekia, kijana mpole mwenye miwani, ambaye kwao walikuwa na mashine kama yetu. Siku moja kabla hajafika meneja aliamuru ofisi ifagiliwe na vikorokoro vyote viondolewe, mgeni asituone watu wa ovyo. Redio nikaipeleka nyumbani. Nawaapia, niliipeleka kwa ajili ya usafi tu. Sikuwa nimewaza kitu.

Sedekia alifanya kazi bila haraka. Alikuja na nakala ya mkanda wa zamani, akauweka, na kadi za I zikapita kwa shida, mashine ikizisoma mara tatu nne kabla ya kuzikubali. Akaurudisha mpya, zikatemwa. Akatueleza kwamba programu ya zamani ilikuwa na uvumilivu, ikishindwa kusoma inarudiarudia kimyakimya. Hii mpya ni kali, ikikuta utepe umefifia inakataa papo hapo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo kabla, programu mpya imeufichua tu. Akaitazama ile kadi yenye alama ya kidole, akaifuta kwa spiriti, ikakataliwa vile vile. "Mafuta hayafiki kwenye utepe," akasema. Nikajifanya sikusikia.

Kisha akaniambia nizirudishe kadi mbovu kabatini, kila moja mahali pake. Nikazirudisha. Zote zikakaa pamoja, droo ya juu kabisa, nyuma, upande wa dirishani. Alipozitazama zimekaa hivyo, akapapasa mbao za juu ya kabati. Jua la dirishani lilikuwa limezipausha, isipokuwa sehemu moja ya mstatili, ndefu kama mkono, iliyobaki na rangi yake.

Mzee Shigela alikuwa ameitwa siku ile aje kujibu. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na meneja karibu yake.

Sedekia akauliza, "Hapa juu huwa mnaweka nini? Natafuta kitu chenye sumaku. Hata spika ya redio inayo."

 Dar es Salaam walituambia mara mia kadi hizi zikae mbali na sumaku, na mimi nikawaza sumaku ile nyekundu ya shuleni, yenye umbo la kwato. Redio yangu ilikuwa ikinipigia nyimbo tu. Sasa nikaona kila kitu kwa mara moja, Agosti, Septemba, Oktoba, redio imelala chali na sumaku yake iko vidole viwili juu ya Ifunda na Idodi. Na mzee Shigela alikuwa ananitazama. Yeye aliisikiliza redio ile kila siku kwa miezi mitatu.

Nikasema, "Chombo cha maua."

Sedekia akautazama tena ule mstatili. Akasema maua hayo yalikuwa makubwa.  Ofisi haikuwa yake, na mgeni hagombi. Meneja akamgeukia mzee Shigela akamuuliza kama ana la kusema, na yeye akajibu kwamba kabati ni la dada Matilda, aulizwe dada Matilda. Meneja akasema ameshaulizwa. Mzee akavaa kofia yake.

Ripoti iliandika kwamba chanzo hakikujulikana, huenda ni utunzaji. Neno utunzaji likamtosha meneja, maana mtunzaji alikuwa mmoja. Mimi nilikaa siku tatu nikichapa upya kumbukumbu za vijiji arobaini na kimoja, nikizisoma mbele ya kadi, na mbegu zikatoka kabla ya mvua. Nikasifiwa. Meneja alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Na Novemba barua ya mzee Shigela ikatoka, ikasema hakuthibitishwa na kibarua chake kimekwisha. Aliipokea dirishani kwa karani, akaikunja mara nne. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kitenge cha Bibi Harusi, nikijifanya nafuta vumbi.

Wiki mbili zikapita. Nilikuwa sili vizuri, na nilimkaripia kila mtu. Jumamosi moja alasiri nilikuwa uani nafua, na mama mwenye nyumba, mama Damari, alikuwa ameitoa redio yangu ameilaza chali juu ya kinu akisikiliza salamu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nikasikia mtangazaji anasema, "Shigela Bujiku wa Iringa anamsalimu dada Matilda Kihwele, wa huko huko Iringa. Ujumbe wake anasema, amenifundisha kazi, Mungu amlipe."

Mama Damari alipiga vigelegele. Majirani wakatoka. Aliniinua kwenye beseni, mikono yangu ina povu, akanichezesha, Matilda umetajwa, Matilda nchi nzima imekusikia. Nilihesabu kichwani. Kadi za salamu zilichukua mwezi na nusu, miezi miwili, kusomwa. Aliituma kabla ya yote, kwa karatasi ile niliyomwandikia nikimsonya. Lazima aliijaza mwenyewe, herufi moja moja, kwa mwandiko aliojifunza jioni. Na jina langu, lile nililotaka lisikike mpaka nikaharibu vijiji arobaini na kimoja, lilikuja kwa kinywa chake yeye. Wanawake walikuwa wananipongeza, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mungu amlipe. Nililia, na mama Damari akadhani ni furaha.

Niliitoa betri ile redio, nikaibeba kichwani, nikashuka mlima mpaka Ipogolo kwa miguu. Nilikuwa nimesikia kwamba anapakia malori pale barabarani. Nikamkuta amekaa juu ya gunia, anakunywa uji. Aliponiona alisimama, akaniamkia, "Kamwene, dada." Sauti yake ilikuwa ile ile. Sikuweza kumjibu Mwangaluka.

Nikaitua redio chini. Nikamwambia, "Baba Mbuke, ilikuwa hii."

"Najua," akasema.

Nikamuuliza kama alijua siku ile, alipokuwa amesimama mlangoni. Akasema alijua pale pale fundi alipotaja spika. Nikawa karibu kumkasirikia, maana mtu mbaya hutafuta hata hapo pa kukasirikia, nikamuuliza mbona hakusema basi, mbona aliacha nimponze.

Akamalizia uji wake kwanza. "Ningesema, ungekataa tena," akasema. "Nani angeaminiwa, mimi au wewe uliyesoma Dar es Salaam? Nikasema ngoja aseme mwenyewe. Matilda ninayemjua atasema kesho. Kesho ikapita. Nikangoja mpaka siku ya barua. Ulikuwa nyuma ya kitenge, niliiona miguu yako."

 Nilimwambia Jumatatu nitakwenda kwa meneja asubuhi na mapema, nitaiweka redio mezani kwake na nitasema yote, hata kama nitafukuzwa. Nilisema kwa moyo wangu wote, machozi yananitoka, na nilitegemea aseme sawa dada, nenda salama. Ndivyo angesema siku zote.

Badala yake akainama, akaiokota redio, akaiweka upande wake, nyuma ya gunia.

"Jumatatu nitaileta mimi," akasema. "Wewe njoo tu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayechukua kisu mkononi mwa mtoto. Nikapanda mlima mikono mitupu, na njia nzima niliwaza kwamba mtu yule, aliyeniletea samli na kunitajia mema nchi nzima, hakuweza kuniachia redio yangu mwenyewe kwa siku mbili.

Jumatatu nilifika saa moja kasoro. Alikuwa ameshafika, amesimama langoni, redio ameifunga kwenye koti lake kwa sababu ya manyunyu. Tuliingia pamoja. Ndugu Filemoni alishangaa kutuona. Mzee Shigela akaifungua redio, akailaza chali juu ya meza, taratibu, kama ilivyokuwa ikilala kule kabatini. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia, akanitazama, akangoja.

Safari hii nilisema.